Helmeti Niliyoachiwa Nyasura

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilivaa kichwani kitu ambacho watu walitaka kujua nimekipata wapi. Wafugaji waliniuliza joshoni, askari wakaniuliza kwenye vizuizi, na katekista wetu aliniuliza mlangoni mwa kanisa kabla hata hajanisalimia. Wengine hawakuuliza kwa mdomo. Waliitazama, wakanitazama mimi, na hao ndio walionitia wasiwasi zaidi. Nilikuwa bwana mifugo wa Bunda, mtu wa suruali yenye viraka viwili nyuma, na helmeti ile haikufanana na mimi hata kidogo.

Niliipata hivi. Mke wangu alikuwa kwao Butiama akisubiri kujifungua mtoto wetu wa pili, na yule mkubwa alikuwa naye huko. Mchana mmoja karani wa ofisi yetu, aliyekuwa rafiki yangu kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu, aliniita nje. Palikuwa na mgeni wa kizungu amesukuma pikipiki kubwa kutoka barabara kuu, anatetemeka kwa homa. Alikuwa akisafiri peke yake kwenda kusini na injini ilikuwa imemzimikia njiani. Karani aliishi na familia yake katika vyumba viwili vilivyojaa. Mimi nilikuwa na nyumba tupu Nyasura, papo hapo Bunda, nikamchukua.

Mgeni huyo alikuwa mwanamke. Naliandika mapema kwa sababu ndilo jambo nililolificha baadaye.

Alilala chumba cha watoto siku tisa. Kila jioni karani alileta uji aliopika mkewe. Sukari siku zile ilikuwa haionekani, kwa hiyo tuliutia ndimu na chumvi kidogo, na mgeni aliunywa bila kulalamika. Homa ilimwachia, lakini injini ilikataa kabisa. Mwisho tuliipandisha pikipiki juu ya marobota ya pamba, kwenye lori lililokuwa linakwenda Mwanza, na mgeni akapanda mbele na dereva. Kabla mlango haujafungwa akanikabidhi helmeti yake. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alisema yeye sasa anarudi kwao kwa ndege, na kwenye ndege haivaliwi. Karani alikuwa amesimama kando yangu. Aliigusa kwa kidole kimoja, akasema, "Una bahati wewe."

Ile ya serikali niliyokuwa nikiivaa mwanzo kwenye pikipiki ya kazi ilikuwa kama sufuria isiyo na mikono, na mkanda wake ulishakatika nikaufunga kwa kamba ya katani. Hii mpya ilikuwa nyeupe, yenye ukingo mrefu juu ya paji la uso wa kuzuia jua. Kioo chake kilipanda na kushuka bila kutoa sauti. Kidevuni kulikuwa na matundu yenye vifuniko vidogo. Ukiyafungua ukiwa mwendoni, upepo uliingia mpaka utosini. Kitambaa cha ndani kilikuwa cha bluu, cha kuchomoka, ukakifua na kukianika kama shati. Pale ziwani upande wa Kisorya kuna majira ambapo wadudu wadogo huinuka majini kama moshi wa majani mabichi. Zamani nilikuwa nawapita nikiwa nimefumba mdomo na bado nawatema saa nzima baadaye. Sasa nilipita katikati yao, nikasimama, nikapangusa kioo kwa kitambaa, nikaendelea.

Lakini watu hawakuipenda. Mkoa wetu ni wa ng'ombe, na ng'ombe waliibwa mara kwa mara. Mtu anayefika bomani huku uso wake hauonekani si mtu wa kukaribishwa. Kwenye josho moja nje ya Bunda nilikuta wanaume watano wamesimama na fimbo, hawaitiki salamu.

"Toa kichwa hicho tukuone," mmoja wao aliniambia.

Nikaivua. Walinifahamu, lakini hawakucheka.

"Ng'ombe zetu zinaibwaga na watu wa namna hii hii," akasema. "Ukija hivyo tena, tutapiga yowe."

Tangu siku hiyo nilijizoesha kusimama mbali kabla ya kila boma, nikaivua, nikaitundika kwenye usukani, na kuingia kichwa wazi. Uzuri wake nilikuwa naujua mimi na barabara.

Mke wangu aliporudi na mtoto mchanga aliikuta juu ya kabati. Nilimweleza habari za mgeni wa kizungu aliyeugua, na kwa Kiswahili neno hilo halisemi kama ni mume au mke. Aliisikiliza habari yote, akanipa pole. Kesho yake alichomoa kile kitambaa cha bluu ili akifue. Nilikuwa nimekaa uani nanoa panga. Alikuja amebana kitu kati ya vidole viwili, akakiinua kwenye jua. Ulikuwa unywele mmoja mrefu, wa rangi ya kahawia.

"Baba, huyu mzungu wako alikuwa mwanaume au mwanamke?"

Ningesema kweli, pengine yote yaliyofuata yasingetokea. Sikuwa nimefanya jambo lolote baya. Lakini niliuona uso wake, na mdomo wangu ukanitangulia.

"Mwanaume," nikasema. "Wazungu wengine wanafugaga nywele."

"Ndefu hivi?"

"Mpaka mabegani."

Aliuachia unywele upeperuke, akarudi kufua. Hakuuliza tena. Mimi nikabaki na hofu mpya ambayo sikuwahi kuijua, kwa sababu karani alikuwa anajua ukweli, na karani alikuwa mtu wa kuja kwetu kila Jumapili. Nikaanza kumzuia. Akisema atakuja, nasema tuna mgonjwa. Akimsalimia mke wangu sokoni, nasimama katikati yao naongea mimi. Alihisi, bila shaka. Akapunguza kuja, na nilipoona amepunguza nikajiuliza ana jambo gani moyoni.

Kisha ukaja msako. Waliokuwepo wanaukumbuka. Serikali ilikuwa inawatafuta walanguzi na wahujumu uchumi, na sisi wa Mara, kwa kuwa mpaka wa Kenya uko karibu, tulionekana wote ni watu wa magendo. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na majembe mawili, lakini kipande cha sabuni ya kunukia chumbani mwako kingekupeleka mbele ya watu ueleze. Tulisikia kwamba huko Musoma watu walikuwa wanatupa redio ziwani. Jirani yetu alifukia vitenge vya mkewe shambani, na mchwa wakavila.

Asubuhi moja balozi wetu wa nyumba kumi alifika na wanaume wawili nisiowajua.

"Ndugu bwana mifugo," balozi alisema akiwa ametazama chini, "hawa ndugu wanataka kuona kofia ya pikipiki."

Hawakutaka kuona kitu kingine. Hawakufungua sanduku wala hawakuchungulia uvunguni. Walikuja kwa ajili ya helmeti, na hapo nikajua mtu ametaja.

Nilipelekwa Musoma nikafungiwa siku nne. Chumba kilikuwa na watu wengi, kila mmoja akimtazama mwenzake kama ndiye aliyemchongea. Mpelelezi aliyenihoji alikuwa mpole wa sauti. Aliiweka helmeti juu ya meza kati yetu, akaigeuza taratibu.

"Hii haiuzwi nchini," akasema. "Imevukia wapi mpakani? Sirari?"

"Nilipewa na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mzungu mmoja mama, aliugua nikamtunza."

"Mama?" Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Na nani alimwona huyo mama?"

Sikuwa na shahidi mwingine ila karani. Walimwita. Alikuja kutoka Bunda kwa lori, akaeleza yote kama yalivyokuwa: homa, uji, pikipiki juu ya marobota. Siku ya nne nikaachiwa. Helmeti nilirudishiwa, lakini kitambaa cha bluu kilikuwa kimepasuliwa kwa kisu na sponji imechimbwachimbwa. Sijui walitafuta nini humo.

Mke wangu alikuwa kwenye benchi nje na mtoto mgongoni. Alikuwa amekuja kila siku. Mlango ulikuwa wazi na ukuta ulikuwa wa mbao, naye alikuwa amesikia ushahidi wa karani neno kwa neno: mama wa kizungu, siku tisa, chumba cha watoto. Tulipanda gari la kurudi Bunda hatuongei. Kila gari liliporuka kwenye shimo nilifikiri sasa atasema, mpaka tukafika.

Nikiwa njiani nilishamaliza hesabu yangu. Nani alijua habari za helmeti tangu mwanzo? Karani. Nani aliigusa kwa kidole akasema nina bahati? Karani. Kuja kwake kunitetea nilikuona ni ujanja wa mtu anayeficha alichofanya. Jumatatu alipokuja na mkono ameunyoosha, nilipita nikaenda kukaa mezani kwangu. Aliusimamisha mkono ule hewani kidogo, kisha akaurudisha mfukoni.

Tuliishi hivyo katika ofisi moja miaka mingi. Tulipeana mafaili kwa kuyaweka pembeni ya meza.

Nyumbani helmeti ilikaa bila ndani kwa miezi. Nilikuwa naivaa na kitambaa cha kichwani, ikanichubua masikio. Siku moja nikakuta mke wangu ameishonea kitambaa kipya kwa mkono, kutoka kwenye kipande cha blanketi, na ndani amejaza pamba ya shamba la baba yake Butiama, iliyochambuliwa vizuri. Nilifurahi mno. Nikadhani amesamehe.

"Ahsante, mama."

"Nimeshona ili nikiona unywele mwingine nijue ni mpya," akasema, akaenda zake jikoni.

Nikiwa nimevaa ile ile ndipo nilipoanguka. Nilikuwa natoka Bukima kuchanja, barabara ya mchanga, na ndama alichomoka kwenye shamba la mihogo. Nilimkwepa, nikaruka, nikatua kwa kichwa juu ya mwamba. Nilisikia mlio kama wa chungu kinachopasuka. Nilipokaa, nilijipapasa uso na meno, vyote vikiwa mahali pake. Kidevu cha helmeti kilikuwa na ufa, na ubavuni kulikuwa na bonde dogo ambamo kidole gumba kingelala. Mganga wa zahanati alinifunga mkono tu. Mke wangu aliuona ufa ule, akaupitishia kidole kwa muda mrefu.

"Huyo mama yako alikuwa anajua kununua," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumtaja tangu Musoma.

Wenye ujuzi wanasema helmeti ikishapigwa namna hiyo haifai tena. Mimi sikulijua hilo, na hata ningelijua nisingekuwa na nyingine. Nilimpelekea fundi wa Bunda aliyekuwa akishona ndoo na mabeseni ya plastiki. Alipitisha waya katika ufa na kuziba kwa chuma cha moto. Kioo kilichubuka kwa vumbi mpaka nikiendesha jua likiwa usoni naona ukungu mtupu. Ukingo ulivunjika nikaupunguza kwa msumeno. Mkanda ulikatika nikaweka wa begi la shule. Nikaendelea.

Mambo ya nchi yakageuka. Biashara ziliachiwa, na mara moja vitu vikawa vingi: sabuni za kila rangi, redio, mafuta ya nywele, mitumba imerundikwa chini sokoni. Musoma maduka yalitundika helmeti nje kama maboga. Watu waliacha kuniuliza nimeipata wapi. Sasa walinicheka kwa nini sinunui mpya. Nilinunua moja nyekundu. Kioo chake kilidondoka njiani wiki ile ile, nikairudia ya zamani.

Pamoja na vitu vingi kulikuja orodha za kupunguza wafanyakazi. Mkuu wetu wa ofisi aliniita, akafunga mlango.

"Wewe umefanya kazi na huyu karani miaka mingi. Anafaa kubaki?"

Nilijua anafaa. Ofisi nzima hapakuwa na aliyejua faili liko wapi kama yeye.

"Mkuu, mimi ni mtu wa mifugo," nikasema. "Mambo ya makarani siyajui."

Jina lake likatoka kati ya wanaopunguzwa. Alifunga vitu vyake katika boksi la chanjo, akahamia Kisorya kwa wakwe zake, na nikasikia anafanya biashara ya dagaa.

Miaka ilipita kabla ya kazi kunipeleka Kisorya tena. Nilipomaliza kuchanja niliteremka kuelekea kivukoni, na nikamwona. Alikuwa anageuza dagaa juani juu ya nyavu kuukuu, nywele zimekuwa nyeupe. Ningeweza kupita. Lakini aliinua kichwa akaniona na helmeti mkononi.

"Bado unaivaaga," akasema.

"Bado."

"Imezeeka kama sisi."

Sijui kwa nini sauti yake ya kawaida ndiyo iliyonichoma. "Ndiyo uliyoitaka mpaka ukanipeleka kwa askari," nikamwambia.

Akaacha kugeuza dagaa. "Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nilijua."

"Ulijuaje?"

Nikamweleza: aliigusa, akasema nina bahati. Nilipokuwa nayasema maneno hayo kwa sauti, kwa mara ya kwanza nje ya kichwa changu, nilisikia yalivyo machache. Yeye alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaulize nyumbani kwako," akasema.

"Nyumbani kwangu kuna nini?"

"Siku ile Musoma, mpelelezi alinisomea karatasi kabla sijatoa maelezo. Iliandikwa kwamba balozi aliletewa habari na mke wa mtuhumiwa. Mkeo alikuwa nje kwenye benchi na mtoto mchanga. Ulitaka niseme nini?"

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ulinisalimia lini, nikuambie?"

Nilifika Nyasura kabla ya machweo. Mke wangu alikuwa uani anamenya mihogo. Sikuvua hata koti. Nilimuuliza, naye hakukana. Alitua kisu kwenye ungo.

"Nilimwomba balozi akuulize tu yule mgeni wa helmeti alikuwa nani," akasema. "Wewe mimi unanidanganyaga. Nikaona serikali hutaidanganya. Sikujua atawapelekea habari watu wale. Walipokuchukua nilitaka kufa."

"Na uliniacha nimchukie rafiki yangu."

"Nilikuwa namsubiri aseme. Hakusema. Nikaogopa kuanza mimi." Kisha akanitazama. "Na wewe ulisema ni mwanaume mwenye nywele mabegani."

Akachukua kisu, akaendelea kumenya mihogo.

Yeye ndiye aliyesema twende kwa karani. Jumamosi alipanda nyuma ya pikipiki. Nilimpa helmeti, mimi nikavaa kofia ya kitambaa. Alikuwa hajawahi kuivaa. Tulipofika Kisorya aliivua na kusema inanuka jasho langu na pamba ya kwao.

Alimwomba radhi karani amepiga magoti mbele yake, na mke wa karani akamwinua. Tukakaribishwa ndani, wakaleta ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Karani alinawa mikono, lakini hakugusa chakula.

"Na mimi nina swali," akaniambia. "Ile orodha. Uliniandika wewe?"

Ningeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli kwa maneno. Nilisema mkuu aliniuliza kama anafaa, nami nikajibu mambo ya makarani siyajui.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Aliinuka akatoka nje. Tulimsikia akitembea juu ya changarawe, akimfukuza kunguru kwenye dagaa. Mke wake alitazama sahani. Baadaye karani alirudi, akakaa, akamega ugali.

"Kuleni," alisema. "Samaki anapoa."

Sitasema tulirudi kuwa kama zamani. Helmeti niliiacha nilipostaafu. Sponji ilikuwa imegeuka unga, na wajukuu waliifanya kiota cha kuku. Karani nilimwona mara chache. Alikuja kwenye harusi ya binti yetu pale Bunda, akaketi kiti cha karibu na mlango, na kabla chakula hakijaanza nikamwona anaondoka. Mke wangu alimuona pia. Alipakua sahani, akamfuata mpaka barabarani na viatu vyake vya harusi, akasimama mbele yake ameishika kwa mikono miwili. Kwa mbali sikusikia walichosemezana. Nilimwona karani anaipokea, anakula akiwa amesimama, polepole, mpaka akaimaliza, kisha anamrudishia sahani.